Nyasi za Dodoma mbele ya nyumba: namna ya kuotesha senkrasi bustanini

Ukizunguka mitaa ya Dodoma mwezi wa tisa, iwe Nzuguni, Ilazo au Kisasa, mbele ya nyumba utakuta moja kati ya mambo mawili. Kwa wenye uwezo kuna ukoka ulionunuliwa kwa mita, umepauka rangi ya boksi, na mpira wa maji umelala juu yake kwa sababu bomba lina siku ya tatu halijatoa. Kwa wengi wetu kuna uwanja mtupu unaofagiliwa kila alfajiri mpaka unang'aa, na ikifika saa nane mchana upepo unauzoa ule udongo mwekundu na kuuingiza sebuleni. Nimeishi na vyote viwili. Ukoka wangu ulikufa kwenye mgao wa maji. Uwanja wangu uliofagiliwa ulishuka mwaka hadi mwaka mpaka mawe ya msingi wa nyumba yakaanza kuchungulia.

Leo pale pale pana mafungu ya nyasi yanayonifika kiunoni. Sijayamwagilia tangu mwaka wake wa kwanza. Nyasi zenyewe hazikuagizwa kokote, zinaota zenyewe kandokando ya barabara ukitoka mjini kuelekea Kongwa, na ng'ombe wanazijua kuliko sisi. Nimeandika hatua zote hapa, pamoja na makosa niliyoyafanya, ili mwenzangu asipoteze msimu mzima kama nilivyopoteza mimi.

Kwanza hesabu ya maji

Dodoma tunapata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Miezi saba inayobaki ni jua na upepo. Sasa chukua bustani ndogo ya mita za mraba 100. Milimita 1 ya maji juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1. Ukitaka kuupa ukoka milimita 4 tu kwa siku wakati wa joto la Oktoba, hizo ni lita 400, yaani madumu 20 ya lita ishirini, kila siku, kwa mmea usioliwa. Sioni familia ya kawaida inayoweza kulibeba hilo, na kwa mji wenye kiu kama huu sidhani kama ni haki hata kwa anayeweza.

Nyasi za porini zimetatua tatizo hili zamani. Mvua ikija zinakimbia: zinachipua, zinatoa masuke, zinamwaga mbegu. Mvua ikikata zinakauka juu na kulala, uhai ukiwa shinani na mizizini. Kazi yetu ni kuzipa nafasi nzuri na kuacha kuzilazimisha ziwe kijani mwezi wa tisa.

Nyasi yenyewe

Jina lake la kitaalamu ni Cenchrus ciliaris. Mimi nitaiita senkrasi. Ni nyasi ya kudumu, inakaa kwa mafungu na haitambai kama ukoka. Ikiwa mahali pazuri hufika kati ya nusu mita na mita moja na nusu, na mizizi yake inaweza kushuka zaidi ya mita 2, ndiyo maana inavumilia pale mimea mingine inapokata tamaa.

Utaitambua kwa suke. Linafanana na burashi ndogo ya kuoshea chupa ya mtoto, refu kama kidole, lenye manyoya pande zote. Kuna ya rangi ya majani makavu, kuna ya kijivu, na kuna ya zambarau iliyokolea ambayo saa kumi na moja jioni, jua likiwa nyuma yake, kila unywele unawaka. Lishike suke lililokomaa kati ya kidole gumba na cha shahada, livute kutoka chini kwenda juu. Manyoya yote yatatoka kama pamba na utabaki na kijiti chembamba kilichojikunjakunja. Kama yalikuchoma, hiyo siyo. Zipo ndugu zake zenye miiba midogo inayong'ang'ania soksi, na hizo usizilete nyumbani penye watoto.

Jambo moja linanipa fahari. Huko Australia, wafugaji wanapanda aina ya senkrasi inayoitwa Biloela, jina la mji mmoja wa jimbo la Queensland. Mbegu ya asili ya aina hiyo ilitoka Dodoma. Ilichukuliwa kutoka kwenye vumbi letu hili, ikavuka bahari, ikapewa jina la kwao. Lakini huko huko Australia, na pia jangwa la Sonora kule Arizona nchini Marekani, senkrasi imegeuka balaa: inasambaa isikotakiwa, inakauka, inashika moto, na moto huo unaua mimea ya asili ambayo haikuzoea kuungua. Kwa hiyo usimtumie ndugu yako aliye ughaibuni mbegu hizi. Hapa ziko nyumbani kwao, wapo wadudu, ng'ombe na mbuzi wa kuzizuia. Kule vizuizi hivyo havitoshi.

Kwa sababu hiyohiyo, ukiona kwenye simu picha za bustani za Wamarekani waliopanda nyasi za mbuga zao za prairie, zipende, jifunze mpangilio wake, lakini usihangaike kutafuta mbegu zao. Nyasi zile zimezoea msimu wa baridi na theluji. Walichofanya wao ni kutazama mbuga iliyowazunguka na kuileta nyumbani, na hilo ndilo la kuiga.

Hatua ya kwanza: pata mbegu, kisha usiipande

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Nilikusanya masuke mwezi wa tatu, yakiwa yametoka tu shambani, nikayafukia wiki ileile kwenye mifereji yenye kina cha kidole kizima, nikaweka na samadi. Mvua zikanyesha vizuri mpaka Aprili. Hakikuota kitu ila magugu yaliyokuja na samadi. Nikadhani ardhi yangu ina laana.

Kumbe mbegu ya senkrasi ikitoka kwenye mmea inakuwa imelala. Ni akili ya mmea wa nchi kavu: mbegu ikiota kwenye mvua ya mwisho wa msimu, mche utakutana na kiangazi ungali mchanga na utakufa. Basi inasubiri. Inahitaji kukaa kavu miezi sita au zaidi ndipo iamke vizuri. Ukiihifadhi kuanzia Aprili mpaka Desemba umeifanyia hesabu yake sawasawa, na mbegu ya mwaka uliopita mara nyingi ni bora kuliko ya mwaka huu.

Kusanya kati ya Machi na Mei, asubuhi umande ukishakauka, pale suke linapobadilika rangi na manyoya yanaanza kuchomoka ukiyagusa. Ukisubiri sana upepo utakutangulia. Kama nyasi ziko kwenye shamba la mtu, bisha hodi. Mimi nilimkuta mzee mmoja anachunga, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Aliniangalia kwa muda, akauliza, "Mwanangu, una ng'ombe wangapi?" Nilipomwambia sina hata mmoja, nazitaka za kutazama tu, alinyamaza, kisha akanipeleka mwenyewe hadi kwenye fungu lililo nyuma ya kichuguu, refu, lenye masuke ya zambarau. Akasema kila mwaka analipita na kulitazama. Mbegu zangu nzuri zote zimetoka kwenye fungu lile.

Na hapo kuna siri ya kufurahisha. Mbegu za senkrasi kwa kawaida hubeba sura ya mama peke yake. Kiini cha mbegu hakichanganyi damu na baba kama mahindi yanavyofanya. Ukichuma kwenye fungu la zambarau lililosimama wima, watoto wake karibu wote watakuwa wa zambarau na watasimama wima. Kwa hiyo usichume ovyo. Tembea, linganisha, chagua mama.

Weka mbegu kwenye mfuko wa kitambaa au bahasha kubwa ya karatasi, uning'inize ndani mahali pakavu, mbali na panya. Usitumie mfuko wa plastiki, unyevu utabaki ndani na mbegu zitaoza. Andika tarehe juu ya mfuko.

Usiyeweza kwenda porini, kule Kongwa kuna kituo cha TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, kinachoshughulika na mbegu za malisho, na senkrasi ni miongoni mwake. Uliza mbegu ni ya mwaka gani kabla hujalipa.

Mwezi wa kumi na moja ijaribu. Chukua vimanyoya 50, vipange juu ya kitambaa kilicholowa ndani ya sahani, funika na sahani nyingine, weka mahali penye joto, loanisha kila siku. Baada ya siku kumi hesabu. Ikiota 15 au zaidi, una mbegu. Zikiota tatu nne, panda kwa wingi zaidi au zisubiri. Usishangae namba kuwa ndogo, kwani vimanyoya vingi havina punje ndani. Ukitaka kuhakikisha, sugua kimoja kati ya viganja upulize: kilichojaa kitakuachia punje ndogo kama ya ulezi, nyembamba kidogo.

Hatua ya pili: mahali

Jua la kutosha, saa sita kwa siku au zaidi. Chini ya mwembe haitastawi.

Udongo mwekundu wa kichanga tulio nao sehemu nyingi za mji unaifaa bila kuongezwa chochote. Tatizo ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuwa tope la kunasa kiatu masika. Senkrasi inavumilia ukame kuliko inavyovumilia kusimama majini. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji jioni. Kama asubuhi maji bado yapo, inua tuta la sentimita 20 mpaka 30 na upande juu ya tuta.

Acha mita 2 wazi kutoka kwenye ukuta wa nyumba na kwenye njia ya kupita. Watu watakuambia nyasi zinaleta nyoka. Wasiwasi wao si wa kupuuzwa, Dodoma nyoka wapo. Lakini nyoka anafuata panya na maficho: lundo la matofali, mabati yaliyoegeshwa, kuni. Mafungu yaliyoachana, yaliyopaliliwa katikati, unaona ardhi kati ya moja na jingine, si maficho mazuri. Ondoa malundo hayo kwanza. Na usipande karibu na jiko la nje la kuni au mkaa, kwa sababu kuanzia Julai hizi ni nyasi kavu na cheche moja inatosha.

Kisha mbuzi. Senkrasi ni malisho matamu, na mbuzi wa jirani hajui kuwa wewe unaitazama tu. Kabla ya mche hata mmoja, ziba ua. Ua wa manyara unatosha kama umeshikana, vinginevyo weka matawi ya miiba mpaka nyasi zifikishe mwaka. Zikishakuwa na mizizi, kung'atwa mara moja hakutaziua.

Hatua ya tatu: kuotesha

Kuna njia mbili, na ninapendekeza viriba kwa bustani ndogo kuliko kumwaga mbegu moja kwa moja ardhini. Sababu ni kwamba mche wa senkrasi katika wiki tatu za kwanza unafanana na kila gugu lililoota kando yake, na utaung'oa kwa mkono wako mwenyewe.

Anza katikati ya Novemba. Changanya ndoo tatu za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza kabisa, moja ya mchanga wa mtoni. Jaza viriba, mwagilia, subiri siku moja udongo utulie. Weka vimanyoya vitano au sita katika kila kiriba, nyunyizia udongo usiozidi sentimita 1 juu yake, kandamiza kwa kidole. Kina ndicho kila kitu hapa. Punje ni ndogo na nguvu zake zinaishia kwenye sentimita mbili, ukifukia zaidi ya hapo itaota na kufia chini kabla haijaona mwanga.

Panga viriba chini ya kivuli chepesi cha matawi, mwagilia asubuhi na jioni kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi chumvi. Mmea mkubwa hautajali sana, lakini kwa miche tumia ya bomba au ya mvua ukiweza. Kuku wafungiwe au viriba vifunikwe, kwa maana wao hawasubiri punje iote.

Baada ya wiki moja hivi utaona vijani kama uzi. Miche ikifika urefu wa kidole bakiza miwili yenye nguvu katika kila kiriba, ing'oe mingine. Wiki moja kabla ya kuhamisha, ondoa kivuli chote ili izoee jua.

Ukiamua kumwaga mbegu ardhini moja kwa moja, subiri mvua mbili nzuri za Desemba zishuke. Changanya mbegu na mchanga mkavu, la sivyo manyoya yatashikana na utajikuta umemwaga zote mahali pamoja. Chora mistari kwa kijiti, mwaga, pita juu yake kwa mguu. Mistari itakusaidia: chochote kilichoota nje ya mstari ni gugu.

Hatua ya nne: kupanda

Mwisho wa Desemba au mwanzo wa Januari, siku ya mawingu, ardhi ikiwa imelowa kina cha kiganja. Umbali kati ya shina na shina ni sentimita 70. Kwenye eneo la mita 3 kwa mita 2 zinaingia 12, mistari mitatu yenye nne nne. Utaona kama umepanda kidogo mno na utatamani kuzijaza katikati. Usifanye hivyo. Fungu moja likikomaa linatanuka kama sufuria kubwa ya pilau, na uzuri wake ni pale linapopata nafasi ya kuinama na upepo bila kugongana na jirani.

Chimba shimo lenye ukubwa wa kiriba, chana plastiki pembeni, ingiza mche na udongo wake. Shingo ya mche ikae sawa na uso wa ardhi, si chini. Shindilia kwa viganja, tengeneza kisahani kuzunguka shina, mimina lita 3 hata kama mvua inakuja.

Mbolea sitaizungumzia sana. Haihitaji. Niliwahi kuzipa za upande mmoja samadi nyingi, zikarefuka, zikalegea, upepo wa Juni ukazilaza zote. Zile zilizonyimwa zilisimama.

Kuhusu mpangilio, mimi napenda mafungu matatu matatu kuliko mstari mnyoofu kama gwaride, na mbele yake mishubiri, kwa sababu maua yake mekundu yanatoka kiangazi nyasi zikiwa rangi ya dhahabu. Kama una mabati, chimba kijifereji kutoka linapomwagikia bomba la paa mpaka kwenye nyasi. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 linatoa lita 1,200, na maji hayo kwa sasa yanakimbilia barabarani na kuchimba korongo mbele ya geti lako.

Hatua ya tano: mwaka wa kwanza

Mvua za Dodoma zina tabia ya kukatika katikati ya msimu, mara nyingi Februari. Wiki mbili zikipita bila tone, mpe kila mche lita 3, mara mbili kwa wiki, mpaka mvua irudi. Palilia kwa mkono karibu na shina na kwa jembe katikati ya mistari. Mwaka huu wa kwanza kupalilia ndiyo kazi kubwa, na ni mwaka huu peke yake.

Mwezi wa nne baadhi zitatoa masuke. Mvua zikiisha endelea kumpa kila mmoja lita 5 kila baada ya wiki mbili mpaka mwisho wa Julai. Kisha acha. Najua ni vigumu kuacha. Lakini mmea unaopewa maji kidogo kidogo kila siku unaweka mizizi juu juu, na ndio utakaokufa siku ukisafiri.

Tandaza majani makavu kati ya mafungu ili udongo usikauke wala kupeperuka, ila acha upana wa kiganja kuzunguka shina. Mchwa watakuja kula hayo matandazo. Wale hayo, wasipande shinani.

Kiangazi, na maneno ya watu

Kuanzia Juni majani yatabadilika: kijani, kijani cha kupauka, kisha rangi ya asali. Mwezi wa saba, baridi ya asubuhi ikiwepo na upepo ukivuma siku nzima, fungu lote linakuwa rangi ya simba. Hapo ndipo wageni watakapokuambia kwa huruma kwamba bustani yako imekufa, na fundi atakayepita kujenga ukuta atajitolea kuifyeka bure.

Haijakufa. Piga goti, tenganisha mabua kwa vidole mpaka ufike chini kabisa, kwenye shina lililojibana na ardhi. Kwangua bua moja kwa ukucha. Ndani utaona weupe wenye ukijani, na ukiligusa lina ubaridi. Liache hivyo.

Nakuomba usikimbilie kukata. Miezi hii ya ukavu ndiyo inayonifanya nizipende. Ni maua machache yanayoweza kusimama mbele ya nyumba Dodoma mwezi wa nane bila maji, lakini nyasi hizi zinasimama, zinasikika, sauti yake usiku ni kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Vumbi linalokuja kutoka barabarani linanaswa na mabua kabla halijafika dirishani. Ndege wadogo wanakuja kuchukua manyoya ya kujengea viota na kuokota punje zilizodondoka. Na udongo wangu haushuki tena. Mawe ya msingi yaliyokuwa yakichungulia, upande ule wenye nyasi, yamefunikwa na udongo uliokuja na upepo ukanasa pale.

Hatua ya sita: kukata

Kata mara moja kwa mwaka, kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Novemba, kabla ya mvua. Porini kazi hii inafanywa na ng'ombe, nyumbu na moto. Bila hao mabua ya zamani yanajazana, yanafunika shina, machipukizi mapya yanakosa mwanga na fungu linaoza kuanzia katikati.

Usichome moto. Mjini, na upepo wetu, ni hatari isiyo na sababu. Funga fungu kwa kamba kiunoni kama tita la kuni, shika mundu uliotiwa makali, kata chini ya kamba ukiacha sentimita 10 mpaka 15. Tita linatoka zima, hakuna kuokota. Ukikata chini zaidi unaondoa macho ya machipukizi. Vaa mikono mirefu, kingo za majani makavu zinachana.

Majani uliyokata ni mali. Mwenye mbuzi atayachukua kwa furaha wakati huo wa njaa ya mifugo, kuku watatagia, yanayobaki yarudishe chini kuwa matandazo. Wiki moja baada ya mvua ya kwanza, kabla hata mahindi hayajapandwa, utaona vichwa vya kijani vimejitokeza kwenye kila kisiki.

Kama unapakana na shamba la mtama au bustani ya mboga ya mtu, kata masuke ya upande ule mwezi wa tano kabla hayajamwaga. Mbegu zinaruka na upepo, na jirani hakuomba.

Nyasi nyingine mbili za hapa

Ukiizoea senkrasi, jaribu Themeda triandra, nyasi zinazotawala sehemu kubwa ya Serengeti, zinazogeuka wekundu wa kutu zikikomaa. Mbegu yake ina mkia mrefu mweusi unaojisokota ukikauka na kujinyoosha ukilowa, na kwa kuzunguka huko inajichimbia ardhini yenyewe. Iweke kiganjani, itemee tone la maji, utaiona ikizunguka. Nayo inalala muda mrefu kabla ya kuota, na huitikia vizuri ikipitishwa kwenye moshi. Nyingine ni Melinis repens, ile yenye masuke ya waridi kama ukungu kandokando ya barabara mwezi wa tatu. Haiishi miaka mingi, lakini inajipanda yenyewe.

Hatua ya saba: kugawa

Mwaka wa nne hivi, fungu litaanza kuwa na kipara katikati, nyasi zikibaki pembeni kama pete. Ndio wakati wa kugawa, na ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata miche mingine.

Subiri mvua ya pili au ya tatu ya Desemba. Kata majani yabaki sentimita 15. Chimba kwa sururu kuzunguka, umbali wa kiganja kutoka shinani, kisha ingiza jembe chini na kulinyanyua fungu zima. Litakuwa zito kuliko unavyodhani, tafuta mtu wa kukusaidia. Lilaze ubavu, lipasue kwa panga kuanzia katikati, na tupa kile kipande cha katikati kilichokufa. Kila kipande kizuri kiwe na machipukizi manne hadi sita na mizizi yake. Fungu moja hutoa vipande sita au saba.

Mizizi isipigwe jua hata kwa dakika chache. Vifunge vipande kwenye sandarusi lililolowa maji, na vya kumpelekea jirani vifungwe hivyohivyo, vipandwe siku ileile, asubuhi, viwe vimeingia ardhini kabla ya jua la saa nne.